Ushahidi wa Kurudi

Barua ilitaka ushahidi kwamba Debora Xaveri atarudi.

Aliisoma kwa sauti, huku akiifasiri mstari kwa mstari, amekaa kwenye mkeka uani kwa mama yake kijijini Kilangala, Jumapili alasiri. Mama yake, Bertha, alikuwa anapepeta mbaazi. Kaka yake, Sixbert, alikuwa ameegemea ukuta, bado amevaa suruali ya kanisani. Barua ilitoka kwa watu wa mpango wa kubadilishana mafundi. Ilisema nafasi yake ya mwaka mmoja ng'ambo, kujifunza kutengeneza mashine za hospitali, ipo. Chuo kimempokea na nauli italipwa. Kilichobaki ni viza, na kabla ya viza kuna usaili ubalozini Dar es Salaam. Siku hiyo ajiandae kuonyesha kitu kinachomfunga nyumbani: mume, watoto, nyumba, ardhi au biashara.

"Kinachokufunga," Bertha alirudia. "Kama mbuzi."

"Ndivyo walivyoandika, mama."

"Si mimi nipo?"

"Wazazi hawahesabiwi."

Bertha aliweka ungo chini. Debora alikuwa na miaka ishirini na tisa, hana mume wala mtoto. Majirani walikuwa wamelisema hilo kwa miaka, kisimani na kwenye jumuiya, naye mama mtu alikuwa amezoea kuwajibu. Sasa lilikuwa limeandikwa kwenye barua yenye nembo.

"Yule binti wa kizungu aliyekuja kwako hospitali," Sixbert aliuliza, "yule Hanna. Naye alileta ushahidi?"

"Alijaza fomu kwenye simu, wakamjibu."

"Na mpango ni huohuo?"

"Ni huohuo. Yeye aje huku miezi sita, mimi niende kule mwaka."

Sixbert alicheka kidogo. Wote watatu walikuwa wanafikiria kitu kimoja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukitaja. Nyuma ya nyumba, kushuka hadi bondeni, kulikuwa na mikorosho mia moja na ishirini. Ilipandwa na marehemu Xaveri. Tangu afe, miaka saba sasa, aliyeipalilia, aliyeipulizia dawa, aliyeiokotea korosho na kuzipeleka mnadani alikuwa Sixbert. Hati ya kimila ilikuwa bado ina jina la marehemu. Korosho hizohizo ndizo zilizomlipia Debora ada ya chuo mpaka akawa fundi.

Bertha ndiye aliyesema. "Shamba likiandikwa jina lake, si atakuwa na ardhi?"

"Kwa makaratasi tu," Debora alisema haraka. "Nikirudi tunabadilisha. Hata nisiporudi... yaani, hata kabla sijarudi, shamba ni la kaka, kila mtu anajua."

Emerensiana, mke wa Sixbert, alikuwa anatoka jikoni na kikombe cha maji. Alisimama. "Wifi, mimi sikusoma," alisema, "lakini nimeona watu wengi waliotolewa kwenye nyumba zao kwa makaratasi tu."

"Nyamaza, mama Klementi," Sixbert alisema, bila ukali. Alichukua kikombe, akanywa maji yote, akakitazama kikombe kitupu. "Usaili lini?"

"Mwezi ujao, tarehe kumi na sita."

"Basi kesho tumwone mtendaji, tusichelewe."

*

Ofisi ya kijiji ilikuwa na meza moja na mabenchi mawili. Mtendaji, Bwana Fakihi, aliwaita wajumbe siku nne baadaye, wakakaa saba, na nje ya dirisha wakasimama watu wasiohusika. Debora alimwamkia kila mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba, mmoja mmoja, mpaka benchi likaisha. Sixbert alisimama mbele ya meza. Hakuna aliyemkaribisha kiti.

"Soma hapa, kwa sauti," Fakihi alisema, akimpa karatasi. "Wajumbe wasikie."

Sixbert alisoma polepole, kidole kikifuata maneno. "Mimi, Sixbert Xaveri, kwa hiari yangu na bila kushurutishwa, natamka kuwa sina madai yoyote juu ya shamba lililotajwa, sasa wala baadaye." Aliinua uso. "Hili la baadaye, mtendaji. Linatakiwa?"

"Ndivyo fomu ilivyo."

"Maana tulikubaliana ni kwa muda."

"Fomu ya muda sina. Ukitaka ya muda, kaombe wilayani, sijui itachukua miezi mingapi."

Sixbert alimgeukia dada yake. Debora alikuwa ameshika bahasha kifuani kwa mikono miwili. "Ni fomu tu, kaka," alisema.

Sixbert alitoa kalamu mfukoni mwa shati. Alikuwa ameinunua asubuhi ile dukani, mpya, kwa ajili ya kazi hiyo. Lakini Fakihi alikwishafungua kibweta cha wino na kukisukuma mbele yake.

"Naweza kuandika, mtendaji. Nimemaliza darasa la saba."

"Kuandika kila mtu anaandika. Dole halighushiwi. Weka."

Sixbert aliweka dole. Mzee mmoja wa kwenye benchi akasema, "Eh, Sixbert! Leo umekuwa mgeni kwenye mikorosho yako. Ukipita, ubishe hodi." Watu wakacheka, ndani na nje ya dirisha. Hakikuwa kicheko kibaya. Naye Sixbert alicheka nao, kisha akatoka kwenda kunawa, kwa sababu hapakuwa na kitambaa, na suruali aliyovaa ilikuwa ileile moja ya kanisani.

Alipokuwa bombani, Fakihi alimsogezea Debora daftari jingine. "Na huku kwenye orodha ya wakulima, huyu kaka yako ndiye ameandikwa mwenye shamba. Taarifa zinapelekwa wiki hii. Nikuandike wewe? Maana wakichunguza huko ubalozini wakakuta hati inasema hivi na orodha inasema vile, wataona ya kuungaunga."

Debora alitazama mlangoni. Maji ya bomba yalisikika. Angeweza kungoja dakika moja, Sixbert arudi, amuulize. Lakini alifikiria macho ya wale saba, na maneno mengine kusomwa tena kwa sauti, na kaka yake kusimama tena mbele ya meza. Akajiambia anamwepusha aibu.

"Niandike," alisema.

*

Foleni ya ubalozini ilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Simu haziruhusiwi ndani, kwa hiyo Debora alimwachia yake mama mmoja aliyekaa chini ya mwavuli ng'ambo ya barabara, akitunza simu za watu kwa shilingi elfu moja, kila moja kwenye mfuko wake wenye namba. Alivua mkanda, akakaguliwa, akavaa mkanda. Alikaa kwenye kiti, akaitwa, akaweka vidole kwenye kioo, akarudi kwenye kiti. Kwenye jalada lake aliyapanga makaratasi kwa mpangilio wa barua: barua ya chuo, barua ya kazi, vyeti, na juu kabisa hati ya shamba, ndani ya nailoni.

Dirishani alikuwa binti mwingine wa kizungu, labda wa umri wake, mwenye Kiswahili cha darasani.

"Habari za asubuhi, dada?"

"Nzuri. Shikamoo," Debora alisema, kwa woga, akajuta papo hapo.

Yule binti alitabasamu bila kuondoa macho kwenye kompyuta. "Unakwenda kufanya nini?"

"Mafunzo ya ufundi wa mashine za hospitali. Mashine za oksijeni hasa, na vitanda vya joto vya watoto njiti."

"Umeolewa?"

"Bado."

"Watoto?"

"Sina."

"Umewahi kusafiri nje ya Tanzania?"

"Hapana."

"Mshahara wako kwa mwezi?"

Debora alitaja. Kwenye dirisha la pembeni mwanamume mwenye tai aligeuza shingo kumtazama. Yule binti aliandika kitu.

"Ukiwa huko, kazi yako hapa ataifanya nani?"

"Hakuna," Debora alisema. "Niko peke yangu. Ndiyo maana lazima nirudi. Hospitali ina mashine tisa za oksijeni na zinazofanya kazi ni nne. Nikiondoka hizo nne nazo sijui."

Kwa mara ya kwanza yule binti alimtazama usoni, kama mtu aliyesikia jina lake linaitwa mbali. Halafu akarudi kwenye kompyuta na kuandika tena, kwa muda mfupi tu.

"Nina shamba pia," Debora alisema. "Mikorosho mia moja na ishirini. Hati ni hii hapa." Aliisukuma kwenye tundu la chini ya kioo.

"Sihitaji kuiona. Asante."

"Ina mhuri. Muhtasari wa kikao pia upo, na sahihi za wajumbe wote."

"Sihitaji, dada. Samahani." Hati ilirudishwa kwenye tundu, na juu yake pasipoti, na juu ya pasipoti kipande cha karatasi chenye maandishi yaliyochapwa zamani, yanayomhusu yeyote. "Leo hujafanikiwa. Unaweza kuomba tena hali yako ikibadilika."

"Hali ipi?"

"Hali yako kwa jumla."

Namba ya mtu mwingine iliwaka ukutani.

Nje, mama wa mwavuli alitazama mikono yake kabla ya uso. "Umetoka na pasipoti," alisema. "Pole, mwanangu. Wanaopata huwa wanaiacha ndani." Akampa simu yake. Kulikuwa na ujumbe wa Sixbert, wa saa mbili asubuhi: *Tunakuombea hapa. Mama amefunga.* Halafu mwingine, wa saa tatu: *Vipi?*

Debora alisimama juani mpaka skrini ikazimika. Akaiwasha, akaandika: *Bado wanashughulikia.*

*

Ilimchukua siku tano kusema ukweli nyumbani. Kazini hakuhitaji kusema, kwani walimwona tu asubuhi akifungua karakana. Walikwisha kumfanyia sherehe ya kumuaga, wakampa kitenge na begi la magurudumu. Muuguzi mkuu, Sista Clemence, alikuja mlangoni akasema, "Karibu nyumbani, Debora," kwa upole wote, na wauguzi wawili waliokuwa nyuma yake wakatazama chini. Kitenge alikirudisha siku hiyohiyo. Sista alikataa kukipokea. Wakavutana nacho kidogo, kikabaki juu ya meza ya karakana wiki nzima.

Mwezi wa tano Hanna alituma picha. Alikuwa amevaa joho, ameshika cheti cha mpango wa kubadilishana mafundi. *Pole sana kwa viza,* aliandika. *Si haki kabisa. Nimewasilisha chuoni ile njia yako ya kuziba pampu kwa mpira wa tairi la pikipiki. Walimu wameipenda mno! Wanataka kuiandikia makala.*

Debora alijibu, *Hongera.* Kisha akalala kifudifudi sakafuni, mkono umeingia chini ya mashine ya wodi ya watoto, akipapasa mahali hewa inapovuja.

*

Mwezi wa sita mikorosho ilianza kutoa maua, na Sixbert akaenda Kitomanga kwenye ofisi ya chama cha msingi cha ushirika kuchukua salfa ya ruzuku, dawa ya unga ya kupulizia maua, kama kila mwaka. Alikwenda na baiskeli na kamba mbili. Foleni ilikuwa ndefu, ya watu anaowajua. Zamu yake ilipofika, karani aliandika jina lake kwenye kishikwambi, akaandika tena.

"Huna shamba, mzee."

"Andika vizuri. Sixbert, ina eks katikati."

"Nimeandika. Shamba la namba hii ni la Debora Xaveri. Aje mwenyewe na kitambulisho. Kimashine kinasoma dole lake."

"Huyo ni mdogo wangu. Ninayelima ni mimi."

"Huku ameandikwa nani?"

"Mimi ni kaka yake."

"Kaka si mkulima," karani alisema. Hakuwa na nia mbaya. Nyuma kulikuwa na watu sitini, na jua lilikuwa linapanda. "Pisha, baba. Anayefuata."

Sixbert alipisha. Alizifungua zile kamba kwenye baiskeli, akazikunja, akazitia mfukoni, akaanza kusukuma. Mtu mmoja kwenye foleni alimuita amgawie mfuko wake mmoja. Hakugeuka. Alipofika kwenye mti wa kwanza wenye kivuli, alimpigia simu dada yake.

"Kwenye orodha ya wakulima, jina ulibadilisha wewe?"

Debora alikuwa wodini. Alitoka nje. "Mtendaji aliuliza kaka, siku ile. Alisema ubalozini wangeona..."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unanawa."

Debora alisikia pikipiki ikipita upande wa pili.

"Haya," Sixbert alisema.

Debora aliomba ruhusa ya siku nne, ikachukua zaidi ya wiki kutolewa. Alikwenda kwanza kwa Fakihi. Mtendaji alimsikiliza huku akigonga mhuri makaratasi mengine. Orodha ya wakulima ilikuwa imefungwa hadi msimu ujao. Hati ingeweza kubadilishwa, bila shaka, lakini lazima wajumbe wakae tena, na anayetoa na anayepokea wafike wote wawili, wasome, waweke dole. "Na safari hii muwe na uhakika," alisema. "Serikali ya kijiji haichezi kombolela."

Sixbert alikuwa uani kwake, anachonga mpini wa jembe. Hakuacha kuchonga.

"Njoo kesho tu, kaka. Dakika kumi. Tunarudisha."

"Nilisema mbele ya watu sina madai, sasa wala baadaye. Walicheka. Sasa niende tena niseme ninayo, wacheke tena?"

"Wacheke basi! Mimi nimechekwa Dar, nimechekwa kazini..."

"Wewe umechekwa kwa jambo lako." Alipuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Mimi wangeniuliza pale, ningesema andika. Ningesema andika, Debora. Ulijua hivyo. Kwa nini hukuniuliza?"

Debora alimtazama Emerensiana, aliyekuwa mlangoni, akitamani aseme neno. Bertha alikuja jioni ile, akamsihi mwanawe kwa jina la baba yake, akalia, akaambiwa aende akapumzike, mama, umande utakuingia.

*

Siku iliyofuata Debora alipanga foleni Kitomanga mwenyewe. Kimashine kilisoma dole lake mara ya kwanza tu, kikawaka kijani. "Umeona?" karani alisema. "Kazi rahisi." Alipewa mifuko minne. Aliipakia kwenye pikipiki kwa safari mbili, akaishusha uani kwa Sixbert, akamwambia Emerensiana, "Ni ya kaka. Mwambie."

"Nitamwambia," Emerensiana alisema.

Debora alilala kwa mama yake. Alfajiri, kabla upepo haujaamka, ndio wakati wa kupulizia salfa, kwani jua likipanda unga wote unapeperuka. Alikuwa ameamka, amekaa kizingitini, anatazama mikorosho ya karibu. Baadhi ya maua yalikwisha kuingiwa na ugonjwa wa ubwiriunga, yamepakwa weupe kama majivu. Salfa ilikuwa imechelewa wiki mbili.

Alisikia watu wanakuja. Sixbert alitangulia, bomba la kupulizia mgongoni, kitambaa shingoni. Nyuma yake walikuja vijana wawili wa Milola wanaofanya vibarua, kila mmoja na mfuko wa salfa begani. Debora alisimama. Alidhani yamekwisha.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Sixbert alisimama hatua nne mbali naye, mahali asimamapo mgeni. Alishusha bomba chini. "Tumekuja kuuliza bei."

"Bei ya nini?"

"Ya kupulizia. Mti mmoja unatulipa shilingi ngapi?"

Debora alicheka kidogo. Hakuna mwingine aliyecheka. Wale vijana walikuwa wanatazama mifuko yao.

"Kaka, usinifanyie hivi."

"Hawa wanataka kujua kabla hawajaanza. Kibarua hufanya kazi kwa kuelewana." Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu anayefuata utaratibu. "Na mimi nataka kujua."

Bertha alitoka ndani, kanga kichwani. "Sixbert, mwanangu. Huyu ni Debora."

"Namfahamu, mama. Niache niongee na mwenye shamba."

Upande wa mashariki mwanga ulikuwa unapanda. Jani moja la juu lilitikisika, likatulia. Debora aliitazama miti, safu kwa safu, ilivyoteremka bondeni, imepaliliwa chini yote, hata jani kavu hakuna. Kila mwaka alikuwa anaikuta hivyo. Alijua akikaa kimya watasimama hapo mpaka upepo uje, kesho tena hivyohivyo, mpaka maua yaishe. Alijua pia kwamba Sixbert analijua hilo, na angeacha maua yaishe.

"Mia tatu," alisema.

"Mia tatu kwa mti?"

"Kwa mti."

Sixbert aliwageukia wale wawili. "Mmesikia. Mwenye shamba amesema mia tatu." Aliinama, akapachika bomba mgongoni, akafunga kitambaa puani, akaingia kwenye safu ya kwanza.